Njiti ya Mwisho ya Mama Mkubwa

Waliosema maji yakimwagika hayazoleki hawakuwahi kufika nyumbani kwetu. Mama Mkubwa, dada yake mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka tisa, naye alikuwa akiyazoa. Hakutumia dekio wala tambara. Aliinama kidogo, akakitolea macho kile kilichomwagika kama mama aliyewakuta wanawe matopeni, akasema, "Haya, nyumbani!" Basi. Iwe chai, iwe uji, iwe mafuta ya taa, kilijikusanya chenyewe, kikapanda mguu wa meza kwa aibuaibu na kurudi katika chombo kilimotoka.

Najua mnachofikiri. Mnafikiri mtu mwenye uwezo wa namna hiyo aliishi maisha ya makubwa. Thubutu! Alikuwa mhudumu wa chai katika ofisi ya kuchora ramani, jengo la ghorofa tatu lisilo na lifti, na kwa miaka thelathini na moja alisukuma toroli lenye gurudumu moja bovu na vikombe arobaini na kimoja. Kwenye ngazi hakulisukuma, alilibeba. Uwezo wake wote, kuanzia wa kuzoa pipa zima hadi wa kuzoa kikombe, aliumaliza kwa upuuzi, na mimi niliyekuwa nashika rula nilishuhudia. Naandika haya nikiwa bado nimekasirika kidogo.

Maana uwezo ule ulikuwa na ila. Kila alipozoa kitu ulipungua, na ukishapungua haukurudi tena. Ulipungua kwa unene wa njiti moja ya kiberiti, wala haukujali ukubwa wa kazi. Ukizoa pipa, njiti moja. Ukizoa machozi ya mbu, njiti moja ileile. Mtu mwenye akili zake angeuweka kwa ajili ya mapipa. Mama Mkubwa aliutumia kwa mbu.

Tuliupima kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, uani. Baba Mkubwa, mumewe, aliliita zoezi hilo ukaguzi, na alilisimamia akiwa amevaa viatu vya kazini. Tulijaza ndoo ya lita ishirini, tukaimwaga yote sakafuni, Mama Mkubwa akaita, "Haya, nyumbani!" Maji yaliyoweza kurudi yalirudi, na yaliyobaki yalilala palepale kama watu ambao majina yao hayakusomwa. Hapo mimi nilichuchumaa na rula, nikachora mstari ndani ya ndoo kwa rangi ya kucha, nyekundu. Ukaguzi wenyewe nao ulikula njiti moja, nami niliipunguza kwenye hesabu. Nilipofika pale mara ya kwanza maji yalikuwa yanajaa ndoo na kufurika. Nilipokuja kuajiriwa kuwa mwalimu wa hesabu, ndoo ile ilikuwa na mistari mingi kuliko daftari.

Ila ya pili ilikuwa ladha. Kilichozolewa kilirudi na ladha ya mahali kilipolala. Chai iliyomwagika kwenye ngazi ilirudi na ladha ya dawa ya kung'arisha sakafu. Iliyomwagika mezani kwa wachora ramani ilirudi na gundi. Karani wa masjala alijigamba kwamba ukimpa chai iliyozolewa, kwa funda moja tu atakutajia ni ghorofa ya ngapi.

Uwezo huo aliurithi kwa mama yake, bibi yangu, ambaye naye aliumaliza kabla ya kufika miaka arobaini kwa sababu ya watoto saba waliokuwa wakikojoa kitandani. Mkojo huo alikuwa akiurudisha wapi, hatukuuliza. Mimi sikurithi chochote katika ukoo ule isipokuwa hasira.

Sasa sikilizeni jinsi mali ilivyopotea. Katibu muhtasi alidondosha kichupa cha marashi, njiti moja. Mtoto wa jirani alimwaga juisi akalia, njiti moja. Alipomwaga ya pili kwa makusudi aone tena, njiti nyingine. Karani wa masjala, akiwa na wageni, alikuwa akikisukuma kikombe chake kwa kiwiko na kusema, "Lo, bahati mbaya! Mama, hebu waonyeshe." Nilimuuliza Mama Mkubwa kama haoni kwamba yule bwana anamfanya mchezo wa sarakasi. Akanijibu, "Naona. Sasa nimwache aaibike mbele ya wageni?" Na siku bomba kuu la mtaa lilipopasuka, maji yakaingia mpaka vyumbani, majirani wote walikuja kumgongea mlango. Wakati huo alikuwa ameshabaki na nusu ndoo. Alitoka, akasimama katikati ya mafuriko, akazoa nusu ndoo. Majirani walimshukuru kwa adabu, wakarudi kuokoa magodoro yao.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Nilimwambia methali hiyo mara nyingi mpaka akawa ananimalizia mwenyewe kabla sijafika kwenye buyu. Hasara nyingine ni kwamba sisi tuliokaa naye hatukujifunza kushika kikombe. Katika nyumba nyingine mtoto akimwaga chai anakemewa, anakuwa mwangalifu. Kwetu alitazama tu juu, akasubiri. Mpaka leo siwezi kubeba trei kutoka jikoni hadi sebuleni bila kuacha alama njia nzima, na jambo hilo mtaliona likitufaa huko mbele.

Baba Mkubwa alikuwa mwalimu wa udereva. Sasa amestaafu, lakini mguu wake wa kulia haujapata habari hizo. Ukimimina chai kwa haraka, anakanyaga breki chini ya meza. Enzi zake alijulikana kwa kitu kimoja: glasi. Aliweka glasi ya maji juu ya dashibodi, imejaa mpaka mdomoni, na mwanafunzi aliendesha nayo mtaa mzima, na kona zake, na matuta yake, na mbuzi wake. Tone moja likianguka, umefeli, shuka. Alikuwa na msemo wake: "Chombo kikijaa ndipo unapomjua mtu." Hata nyumbani, kikombe kisichojaa alikihesabu kuwa dharau. Mgeni akipewa robo tatu ya kikombe, Baba Mkubwa aliomba radhi kwa niaba ya familia.

Mama Mkubwa alikuwa mwanafunzi wake. Siku ya mtihani, kwenye kona ya kwanza, alimkwepa mbuzi, na glasi yote ikamwagika kwenye kapeti ya gari. Bahati yake, mwalimu alikuwa ametoa kichwa dirishani akimgombeza mwenye mbuzi. Alipogeuka, glasi ilikuwa imejaa pomoni. Mwaka ule ni yeye peke yake aliyefaulu mara ya kwanza. Miezi mitatu baadaye, mwalimu alipeleka posa.

"Alinipenda kwa ule utulivu," aliniambia siku moja tukichambua mchele. "Mpaka leo anawasimulia watu. Na mimi sina utulivu wowote, mwanangu. Nina leseni ya miaka thelathini na nne na gari sijui kuendesha."

Hilo la gari ni kweli. Siku moja tu alijaribu, na geti letu halijanyooka tangu siku hiyo.

Basi, mwaka jana Mama Mkubwa naye alistaafu, akakabidhi toroli, na mimi nikafurahi kwamba hasara imekoma. Zilikuwa zimebaki njiti thelathini na mbili. Nilishapanga ziwe akiba ya jambo zito, kama vile moto au ugonjwa, ingawa sikujua ugonjwa gani unatibiwa kwa kuzolewa. Halafu ukafika ukaguzi wa mwezi uliofuata, nikachuchumaa na rula, nikapima mara tatu. Zilikuwa zimebaki tisa.

"Mama," nikasema, "njiti ishirini na tatu zimekwenda wapi?"

"Labda rula imepinda," akasema, akaenda kuanika nguo ambazo zilikuwa tayari zimekauka.

Nilifanya upelelezi. Niliwahoji majirani. Nilimpigia simu karani wa masjala, naye akaapa kwamba tangu Mama Mkubwa astaafu anakunywa chai yake kwa mrija. Sikupata kitu, mpaka Jumatatu asubuhi niliposahau madaftari ya wanafunzi na kurudi nyumbani bila kutarajiwa.

Mlango wa jikoni ulikuwa wazi kidogo. Baba Mkubwa alikuwa mezani, gazeti amelinyanyua mbele ya uso kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulishika kikombe, ukakiinua, na ukaanza kutetemeka. Haukutetemeka kidogo. Kikombe kiligonga kisahani, kikagonga meza, na chai ikatoka, nusu ikaenda kwenye kitambaa cha meza na nusu kwenye zulia. Akakiweka chini. Mama Mkubwa, kando ya jiko, aliinama na kusema kwa sauti ya chini, kama anambembeleza mtoto mchanga alale, "Haya, nyumbani." Chai ikapanda, ikaingia kikombeni. Gazeti likashuka. Baba Mkubwa akainamisha mdomo kwenye kikombe kikiwa mezani, akavuta funda refu.

"Chai tamu leo," akasema, akarudi nyuma ya gazeti.

Nilimvuta Mama Mkubwa bafuni nikafunga mlango.

"Kila siku?"

"Kila siku. Isipokuwa siku za uji."

"Na yeye hajui?"

"Mkono anajua unatetemeka, alikwenda hospitali, wakasema ni mishipa, haitamuua. Ila hajui kwamba anamwaga. Anadhani bado anaumudu."

"Mama, mpe nusu kikombe! Nusu haimwagiki!"

Aliniangalia kama nimemtukania ukoo. "Mimi nimpe mwalimu wa glasi nusu kikombe? Si bora nimwambie tu kwamba amekwisha?" Kisha akakaa juu ya ndoo, ndoo ileile yenye mistari yangu, akashika tama. "Kitu chenyewe anachojivunia duniani ni mkono wake. Hana kingine. Pensheni ni ile, gari liliuzwa, nywele zimekwenda. Akijua, atavunjika."

Hapo hasira zilinitoka, na naona aibu kusema nini kilizibadili. Nililia. Nilikuwa nimeishika rula kwa miaka kumi na nane nikihesabu kinachopungua, na sikuwahi kuuliza kinakwenda kwa nani.

Tatizo lilikuwa moja: sasa zilibaki nane, na baada ya wiki mbili wazazi wa mchumba wangu walikuwa wanakuja kujitambulisha. Nilimsihi Mama Mkubwa abakize angalau moja kwa siku ile. Akakubali. Ili kubana matumizi, kwa siku sita mfululizo Baba Mkubwa alipewa uji mzito ambao hata ukigeuza bakuli hautoki. Siku ya saba aliuliza kama tunampaka rangi tumboni.

Halafu mchumba wangu, fundi redio, mtu mpole ambaye habari mbaya huzitoa kwa awamu, akaniambia, "Baba anasema anamfahamu mzee wenu."

"Vizuri."

"Alimfundisha udereva."

"Vizuri zaidi."

"Alimfelisha mara tatu."

"Kwa glasi?"

"Kwa glasi."

Baba mkwe mtarajiwa alikuwa kinyozi. Tangu kufelishwa mara ya tatu hakugusa tena usukani, alipanda baiskeli, na kwa miaka karibu thelathini kila aliyekaa kwenye kiti chake kunyolewa alisimuliwa habari za glasi, apende asipende. Hata mwenye haraka alisikiliza, kwa kuwa wembe ulikuwa shingoni.

Wakaja. Jumapili, saa kumi alasiri. Mama mkwe alikuwa mama mnene mkimya, aliyependa biskuti kwa moyo wote. Kinyozi alivaa suti, na suruali yake mguu mmoja ilikuwa bado imebanwa kwa klipu ya baiskeli. Walikaa kwenye kochi, tukasalimiana, tukaulizana habari za afya mpaka zikaisha. Kinyozi hakuwa anasikiliza. Alikuwa anatazama mikono ya Baba Mkubwa, ambayo ilikuwa imebanwa katikati ya magoti.

"Mwalimu, hunikumbuki," akasema.

"Nimefundisha watu wengi, ndugu yangu."

"Ulinifelisha mara tatu."

"Basi geuka nyuma. Waliofeli nawakumbuka kwa visogo, wakiondoka."

Watu wakacheka, na kinyozi akacheka kuliko wote, nikadhani yameisha. Kumbe bado. Alisogea mbele, akachukua chupa ya chai, akakivuta kikombe cha Baba Mkubwa, akaanza kukijaza. Kinyozi ana mkono, mtu asikudanganye. Alimimina mpaka chai ikafika mdomoni, akaongeza, ikatuna juu ya ukingo bila kutoka. Akakisukuma kikombe taratibu hadi mbele ya Baba Mkubwa.

"Leo zamu yako, Mwalimu. Kutoka mezani mpaka mdomoni. Tone moja, umefeli, ushuke."

"Mume wangu, acha utoto," akasema mama mkwe, mdomo umejaa.

"Ni utani tu," akasema kinyozi. Ulikuwa utani kweli, alikuwa anatabasamu, lakini macho yake yalikuwa yamengoja miaka thelathini.

Mimi haya yote niliyaona kwenye ufa wa mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshika trei yenye vikombe vitano vya duru ya pili, na chai ilikuwa imepoa kwa sababu nilikuwa nimesimama pale muda mrefu nikingoja wafike kwenye habari za mahari yangu. Nilimwona Mama Mkubwa, aliyekaa karibu na mumewe, akinitazama. Alikuwa na njiti moja. Njiti moja kwenye ndoo yetu ni sawasawa na kikombe kimoja. Lakini macho yote ya sebuleni yalikuwa yamekodolea kikombe hicho kimoja, na mbele ya macho hayo asingeweza kuita kitu. Wangeona mkono, wangeona na chai inapanda meza, na siri zote mbili, ya mkono na ya chai anayozolewa, zingetoka siku moja.

Baba Mkubwa aliutoa mkono kati ya magoti. Akashika kikombe. Aliangalia mbele, kama mtu anayetazama barabara, na mguu wake wa kulia ukakanyaga zulia kwa nguvu. Kikombe kikanyanyuka kidogo. Kikaanza kugonga kisahani, nga, nga, nga.

Nilisukuma mlango kwa goti nikatoka mbio.

Watu wanaotaka kujifanya wamejikwaa huwa wanapata shida kuigiza. Mimi nilikuwa na mazoezi ya miaka kumi na nane. Nilifika katikati ya sebule, nikaupata ukingo wa zulia, na trei ikaniponyoka ikiwa na vikombe vyote vitano, sukari, na kopo la maziwa. Vitatu vilitua kwa kinyozi, kimoja kwa mama mkwe, kimoja nadhani kilipiga ukuta. Maziwa yalimpata mchumba wangu kichwani. Palizuka kelele. Mama mkwe aliziokoa biskuti kwanza, kisha akapiga yowe. Kinyozi alisimama akaruka kwa mguu mmoja, ule usio na klipu, akipukuta suruali. Na katika vurugu hiyo nilikiona kikombe cha Baba Mkubwa kikimtoka mkononi, kikapinduka mezani, chai yote ikatiririka hadi zulia.

Mama Mkubwa alikuwa ameshapiga magoti na tambara. Aliinama mpaka paji la uso likakaribia zulia, na kwa kuwa nami nilikuwa palepale chini, nilimsikia. Alisema polepole kuliko siku zote.

"Haya, nyumbani."

Ikaja. Ilijitenga na chai nyingine zote, ikapanda mguu wa meza ikivuta na chenga moja ya biskuti na uzi wa zulia, Mama Mkubwa akakisimamisha kikombe, ikaingia. Ikajaa mpaka ikatuna.

Kinyozi alipoinua kichwa, maziwa yanamdondoka masikioni sijui yalifikaje huko, aliona hivi: mtoto wa watu chini, mkewe ameloa, mwanawe ameloa, yeye mwenyewe ameloa, na katikati ya mafuriko hayo Mwalimu amekaa wima, mkavu, mikono miwili imekizunguka kikombe kilichojaa pomoni mezani, na hakuna hata tone kwenye kisahani.

"Bado tu!" akasema kinyozi kwa sauti ndogo. "Mungu wangu, bado tu."

"Watoto wa siku hizi," akasema Baba Mkubwa, "hawajui kushika kikombe." Akainamisha mdomo, akanywa. Niliuona uzi wa zulia ukiingia. Akanywa mpaka chini, akajifuta. "Chai tamu."

Kinyozi alikaa, akaushika mkono wa Mwalimu kwa mikono miwili, kwa heshima, na ulipotetemeka ndani ya mikono yake nadhani aliusikia. Sijui. Kama aliusikia hakusema, na kwa hilo nampenda baba mkwe wangu mpaka leo. Alisema tu, "Basi ndiyo maana mimi nilifeli."

"Ulikuwa unashika usukani kama unamnyoa mtu," akajibu Baba Mkubwa.

Posa ilikubaliwa. Sharti lilikuwa moja: siku ya harusi nisikaribie trei.

Jumamosi iliyofuata haikuwa ya ukaguzi, lakini Mama Mkubwa alinitaka twende uani hata hivyo. Tulijaza ndoo, akaimwaga, akaita. Maji yalimpita miguuni, yakaenda zake kwenye mfereji. Akaita tena, kwa ukali. Hayakugeuka. Alisimama akiyatazama hadi sakafu ikaanza kukauka, kisha akalia kidogo, kisha akasema kwamba sasa hata yeye ni mtu wa kawaida na itabidi anunue dekio. Nilimshika bega. Nilikuwa na huzuni, na sikuwa na methali.

Lakini kilichomtisha kilikuwa asubuhi ya kesho yake. Nilikaa naye jikoni makusudi. Baba Mkubwa aliingia, akakaa, akanyanyua gazeti. Mama Mkubwa akamimina chai, akasita, akasimamisha chupa. Akaweka mbele ya mumewe nusu kikombe, akarudi nyuma hatua mbili na mikono ndani ya aproni, kama anangoja hukumu.

Gazeti likashuka. Baba Mkubwa alikitazama kile kikombe muda mrefu. Mguu ukakanyaga breki. Kisha akakiinua. Mkono ukatetemeka vilevile, chai ikazunguka ndani, ikapanda huku, ikapanda kule, lakini haikutoka. Akanywa. Akatafuna midomo.

"Mbona ladha imebadilika?"

"Imebadilikaje?" akauliza Mama Mkubwa.

"Haina zulia."

Mama Mkubwa alivuta kiti akakaa bila kukitazama, na nusura akikose.

"Ulijua?"

"Mke wangu, kwa wiki ngapi nimeshika gazeti hilihili moja? Habari yake ya kwanza naweza kukuimbia. Ulidhani nasoma nini? Nilikuwa nafunika uso ili upate nafasi."

"Tangu lini?"

"Tangu glasi." Alicheka kwa pua. "Uliposhuka garini nilikuwa na kiu, nikayanywa yale maji. Yalikuwa na ladha ya kapeti na viatu vya wanafunzi mia mbili."

"Na leseni ukanipa!"

"Ningefanyaje? Mwalimu haposi mwanafunzi wake. Ilibidi ufaulu."

Ni mimi niliyeruka. Njiti ishirini na tatu! Uwezo wa ukoo mzima umeishia kwenye kitambaa cha meza, na wote wawili wanajua! "Baba, kwa nini hukumwambia? Angebakiza hata chache!"

Baba Mkubwa hakunitazama mimi. "Angejua kwamba najua, angeacha," akasema. "Na mimi nilipenda vile anavyosema 'nyumbani' asubuhi. Kwa sauti ile ya chini. Nyinyi wengine mlikuwa mnaisikia ya kukemea tu."

Mama Mkubwa alimpiga kwa tambara. Alimpiga begani, akampiga tena, akisema miaka thelathini na nne ameishi roho juu kama mwizi ndani ya nyumba yake mwenyewe, na huku machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka, na Baba Mkubwa akijikinga kwa kile kikombe, na bila shaka chai iliyobaki ikamwagika mezani.

Wote watatu tukaitazama. Nilimwona Mama Mkubwa akifungua mdomo kwa mazoea, kisha akaufunga.

Baba Mkubwa aliinama juu ya meza. Akaitolea macho ile chai, akakunja uso, na kwa sauti yake ya mtihani akasema, "Haya, nyumbani!"

Chai haikusogea.

"Imefeli," akasema, akachukua tambara mkononi mwa mkewe, akaanza kufuta, na kwa mkono ule uliokuwa ukitetemeka aliitandaza zaidi ya alivyoikausha. Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika meza. Kisha akavuta chupa, akammiminia nusu nyingine.